Nahau Moja, Njia Mbili

Usiku wa Jumapili, tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala moja huko Croydon, kusini mwa London, wakitafuta pa kuingilia waibe. Christopher Craig alikuwa na miaka 16 na bastola mfukoni. Derek Bentley alikuwa na miaka 19, hajui kusoma, ana kifafa, na waliompima akili walisema anafikiri kama mtoto wa miaka 11. Watu wa nyumba ya ng'ambo waliwaona wakiparamia geti, wakawaita polisi. Mpelelezi Frederick Fairfax akapanda paani na kumkamata Bentley. Hapo, kwa mujibu wa ushahidi walioutoa askari watatu mahakamani, Bentley alipaza sauti akimwambia mwenzake maneno matano: "Let him have it, Chris." Craig akafyatua risasi, ikamparuza Fairfax begani.

Ilipita kama robo saa. Bentley alikuwa bado mikononi mwa Fairfax, hakukimbia na hakupigana, wakati askari mwingine, Sidney Miles, alipotokeza kwenye mlango wa ngazi za paani. Craig akampiga risasi ya kichwa, akafa palepale.

Yatazame sasa maneno yale matano. Hayataji bunduki, hayataji kuua, hayataji hata kitu chenyewe kinachozungumziwa. Kwa Kiswahili chepesi yanasema "mpe" tu. Mpe nini? Mwingereza anaweza kuyatamka jikoni, watoto wake wakigombania kikombe, na maana ikawa "mwachie mwenzako". Anaweza pia kuyatamka kama wanavyoyatamka majambazi kwenye filamu, na maana ikawa "mtandike", "mmiminie risasi". Bentley huenda alimwambia Craig amkabidhi afande ile bastola yaishe. Huenda pia alimwambia ammalize. Ni maneno yaleyale, herufi kwa herufi.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Nesi wodini akisema "mpe vidonge vyake", mgonjwa anamiminiwa maji ya kumezea dawa. Shoga barazani akisema "mpe vidonge vyake", kuna mtu anakwenda kusemwa mpaka akose pa kuweka uso. Ukisikia sentensi hiyo kupitia dirishani, bila kuona nani yuko ndani, huwezi kujua kama ni tiba au ni ugomvi.

Kesi ya Croydon ilisikilizwa katika mahakama ya Old Bailey Desemba 1952 mbele ya Lord Goddard, Jaji Mkuu wa Uingereza. Craig na Bentley wote wawili walikana kwamba maneno yale yalisemwa. Upande wa mashtaka ulishikilia kwamba yalisemwa, na kwamba maana yake ni moja tu: ua. Baraza la wazee wa mahakama lilitoka, likarudi baada ya dakika 75, likawatia hatiani wote wawili, likiomba Bentley ahurumiwe. Craig, aliyefyatua risasi, sheria ilimlinda kwa umri wake mdogo. Alifungwa akatoka baada ya miaka kumi. Bentley alinyongwa katika gereza la Wandsworth asubuhi ya tarehe 28 Januari 1953, ingawa wabunge zaidi ya 200 walikuwa wamesaini hoja ya kumwombea.

Kuna jambo linalozidi kutia mashaka. Mwaka 1940, kaskazini mwa Uingereza, askari mmoja aliyekuwa akikata roho alieleza kwamba kabla ya kupigwa risasi alisikia mwizi mmoja akimwambia mwenzake maneno yanayofanana sana na yale ya Croydon. Katika kesi ile wezi wote wawili walinyongwa. Wanaoitilia shaka kesi ya Bentley wamehoji tangu zamani kama sentensi hiyo ilitoka paani kweli, au ilitoka kwenye kumbukumbu za kituo cha polisi. Miaka ya 1990 mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachambua maelezo ambayo polisi walisema Bentley aliyatoa mwenyewe bila kuulizwa maswali. Aliona kwamba namna neno "then" lilivyopangwa ndani yake ni ya taarifa za polisi, haifanani na ya kijana wa mtaani asiyejua kusoma. Iris, dada yake Bentley, alipigania jina la kaka yake mpaka akafa mwaka 1997. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Julai 1998, Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu, ikasema kwamba jaji aliwaongoza vibaya wazee wa mahakama na kwamba kijana yule hakupata kesi ya haki.

Sisi tuna sababu zetu za kuitafakari kesi hii. Kwa miaka mingi, katika mahakama za Tanzania zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Kati ya mdomo na kalamu kulikuwa na tafsiri ambayo hakuna aliyeikagua. Mtu amegombana na jirani yake kwa sababu ya mpaka wa shamba, akaondoka akisema "utanitambua". Maneno hayo huandikwaje kwa Kiingereza? Ukiandika kwamba alimwambia mwenzake atamfahamu, umeandika upuuzi. Ukiandika kwamba alitishia kumdhuru, umemfunga. Aliyekuwapo siku ile anajua kama yule bwana alikuwa anatamba au ameshika panga, lakini jaji wa rufaa miaka mitatu baadaye anasoma karatasi tu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yamezungumzwa sana kwa upande wa heshima ya taifa. Kwangu mimi faida yake kubwa iko hapa: neno la shahidi linaweza kuingia kwenye jalada likiwa bado na utata wake wote, wakili akalibishia, jaji akalipima.

Turudi kwenye Kiingereza. Wengi wetu tulikutana na nahau zake darasani kama orodha ya kukariri. Upande wa kushoto nahau, upande wa kulia maana. Kupiga teke ndoo ni kufa, kuvunja barafu ni kuanzisha mazungumzo na wageni, mvua ya paka na mbwa ni mvua kubwa. Mtihani ukija unajaza, unapata alama, unasahau. Orodha ile inafundisha kwamba nahau ina maana yake moja iliyojificha na kazi ya mwanafunzi ni kuifichua. Ziko nahau za namna hiyo, na hizo ndizo nyepesi. Nzito ni zile ambazo maana zake mbili ziko hai kwa wakati mmoja, wenye lugha wenyewe hawakubaliani, na kamusi ikikupa moja inakuacha uingie kwenye shimo la pili.

Mfano ulio karibu nasi ni meza. Fungua taarifa rasmi za Bunge la Tanzania, utakuta kila kikao karibu mwanzoni kuna kichwa cha hati zilizowasilishwa mezani. Kuweka hati mezani ni kuileta mbele ya wabunge ifanyiwe kazi. Utaratibu huo tumeurithi kwa Waingereza, na Mwingereza akisema "to table" jambo ana maana hiyohiyo: lilete, tulijadili. Mmarekani akisema "to table" ana maana ya kuliweka jambo kando, lisijadiliwe kwa sasa, na mara nyingi lisijadiliwe tena. Ni kitenzi kilekile na meza ileile, na mmoja anafungua mjadala ambao mwingine anaufunga.

Winston Churchill anasimulia katika kitabu chake juu ya Vita Kuu ya Pili jinsi meza hiyo ilivyowagombanisha washirika. Ilikuwa baada ya Marekani kuingia vitani Desemba 1941, maofisa wa nchi mbili walipokutana Washington kupanga namna ya kupigana. Waingereza walikuwa na waraka walioutaka ujadiliwe haraka, wakatangaza kwamba wanataka kuuweka mezani. Wamarekani wakakataa: jambo hili ni zito mno, hatuwezi kuliweka mezani. Wakabishana kwa muda mrefu, na kwa maneno makali, mpaka walipogundua kwamba wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Hao walikuwa maofisa wa juu wa nchi mbili zenye lugha moja ya mama, tena wako chumba kimoja. Leo kuna mashirika mengi Nairobi na Dar es Salaam ambayo ofisi zake kuu ziko Marekani. Ofisa wetu aliyelelewa na Kiingereza cha bunge akisoma kwenye barua pepe kwamba pendekezo lake limewekwa mezani, atafurahi na kuanza kuandaa takwimu. Aliyeandika barua amekwisha kulizika.

Kuna utata mwingine ambao hauko kwenye neno moja, uko kwenye kipimo cha sauti. Waingereza wa tabaka fulani wana desturi ya kupunguza. Jambo likiwa baya sana, wanasema si zuri sana. Likiwa zuri mno, wanasema si baya. Aliyezaliwa ndani ya desturi hiyo huongeza mwenyewe kilichopunguzwa. Asiyezaliwa humo huchukua maneno kwa uzito wake wa juu juu, na hapo watu wanaweza kufa.

Walikufa Korea, Aprili 1951. Brigedi ya 29 ya Uingereza ilikuwa imepangwa kando ya Mto Imjin, chini ya divisheni ya Kimarekani iliyoongozwa na Jenerali Robert Soule. Wachina walishambulia kwa wingi usiku wa tarehe 22. Kikosi cha Gloucestershire kilizingirwa juu ya kilima, risasi zikipungua na maji yakiisha. Wanahistoria wa vita hiyo wanasimulia kwamba Soule alipotaka kujua hali, Brigedia Tom Brodie alimjibu kwamba mambo "are a bit sticky", yaani yanananata kidogo. Kwa Mwingereza mwenzake jibu hilo lingetosha: tunaangamia, leteni msaada au turuhusuni kuondoka. Jenerali wa Kimarekani alisikia kwamba hali ni ngumu kiasi lakini inamudika. Amri ya kurudi nyuma ilichelewa. Kufikia tarehe 25 zaidi ya watu 500 wa kikosi kile walikuwa wametekwa, na waliopenya mpaka kwa wenzao ni wachache wapatao 40. Sisemi sentensi moja ndiyo iliyowaua. Wachina walikuwa wengi na mstari wa ulinzi ulikuwa mwembamba. Lakini saa zile zilikuwa za thamani, na neno "kidogo" lilizila.

Desturi hii ya kupunguza inawaumiza vijana wetu wanaokwenda kusoma Uingereza, ingawa hakuna risasi. Msimamizi anaandika pembeni ya sura ya kwanza ya tasnifu kwamba hoja ni "quite good". Mwanafunzi anapiga simu nyumbani kuwapa wazazi habari njema, kwa kuwa ametafsiri "nzuri kabisa", na Mmarekani angetafsiri hivyohivyo. Kwa Mwingereza wa kawaida neno hilo likikaa mbele ya sifa ya aina hiyo hushusha: ni nzuri kiasi, si mbaya, ina safari ndefu. Msimamizi akiandika kwamba jambo fulani ni "interesting" bila kuongeza neno, huenda anaomba liondolewe. Mwanafunzi analiacha, tena analirefusha, kwa sababu amesifiwa. Mwisho wa mwaka anashangaa alama zilivyoshuka, na msimamizi anashangaa kwa nini mwanafunzi mwenye akili hakusikia alichoambiwa mara tatu. Kila mmoja anaamini alikuwa wazi.

Mtego ninaoona umewanasa watu wetu wengi zaidi ya yote hata hauonekani kuwa nahau. Ni kusogeza mkutano. Kwa Kiswahili mkutano ukisogezwa mbele, umeahirishwa. Ulikuwa Jumatano, sasa ni Ijumaa au wiki ijayo. Mbele ndiko siku zijazo ziliko, hakuna anayebisha. Kwa Kiingereza mkutano ukiwa "brought forward", yaani ukiletwa mbele, umewahishwa. Ulikuwa Jumatano, sasa ni Jumatatu. Na ukiwa "pushed back", ukasukumwa nyuma, umecheleweshwa. Mwenye Kiswahili anayetafsiri kimoyomoyo, kama sote tunavyotafsiri, anapata kinyume kamili cha alichoandikiwa, na bila shaka hata kidogo moyoni, kwa kuwa tafsiri yake haina kosa la sarufi. Usaili wa kazi unampita hivyo. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha zabuni inampita hivyo.

Wenye lugha nao wanagongana hapa. Mwaka 2002 watafiti Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha utafiti uliojengwa juu ya swali moja jepesi: mkutano wa Jumatano ijayo umesogezwa "forward" siku mbili, sasa utakuwa siku gani? Wasemaji wa Kiingereza waligawanyika, wengine wakasema Jumatatu, wengine Ijumaa. Kilichowavuta watafiti ni sababu ya mgawanyiko. Anayejiona yeye ndiye anayetembea kuelekea siku zijazo huona "mbele" ni Ijumaa. Anayejiona amesimama na siku zinamjia huona mkutano ukisogea mbele unamkaribia yeye, kwa hiyo ni Jumatatu. Waliwauliza watu kwenye uwanja wa ndege, wakakuta waliotoka kushuka kwenye ndege wanasema Ijumaa kwa wingi kuliko waliokuja kupokea wageni. Mwili uliotoka safarini unaisukuma maana upande wake. Basi kama mtu aliyezaliwa na lugha anaweza kubadilishiwa maana na safari ya saa mbili angani, tuna haki gani ya kumcheka karani wa Mwanza aliyefika siku isiyokuwa yake?

Nahau nyingine hazikugawanyika kwa nchi wala kwa tabaka. Zimegeuzwa na muda. Mfano wangu wa kwanza siku zote ni matofaa mabovu. Waingereza kwa karne nyingi walikuwa na methali inayosema tofaa moja bovu huyaozesha yote yaliyo kwenye pipa. Benjamin Franklin aliiweka kwa namna yake katika almanaka yake mwaka 1736. Methali hiyo ni ndugu wa damu wa samaki wetu: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Zote mbili zinaonya kwamba usimvumilie mmoja, maana uozo unaambukiza.

Sikiliza sasa inavyotumika. Askari wa Marekani walipopigwa picha wakiwadhalilisha wafungwa katika gereza la Abu Ghraib, kashfa iliyofichuka mwaka 2004, jibu lililosikika ni kwamba hao ni "a few bad apples". Mei 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, Robert O'Brien, mshauri wa rais wa masuala ya usalama wa taifa, alilitumia neno hilohilo alipoulizwa kama kuna ubaguzi wa kimfumo ndani ya polisi. Maana imepinduka: matofaa mabovu ni machache, mengine yote ni mazima, pipa msiliguse. Kuna wanaisimu wanaosema wimbo wa kundi la The Osmonds uliotamba mwaka 1971, unaodai kwamba tofaa moja bovu haliharibu mengine, ulisaidia kuigeuza. Iwe ni wimbo au ni haja ya wakubwa kujitetea, methali iliyotungwa kudai pipa zima likaguliwe sasa inatumika kulifunika. Mwandishi wa habari wa Kiswahili anayetafsiri kauli kama hiyo akiandika "samaki mmoja akioza", amemsingizia msemaji kinyume cha alichosema. Aandike wazi: alisema wakosaji ni wachache na chombo chenyewe ni safi. Kisha msomaji aamue.

Jiwe linalobingirika nalo lina historia ya namna hiyo. Methali ya Kiingereza, iliyokuwamo tayari katika mkusanyo wa John Heywood wa mwaka 1546, inasema jiwe la namna hiyo halioti kuvumwani, ule ujani laini unaofunika mawe yenye unyevu. Kwa wahenga wao ujani huo ulikuwa ni mali na mizizi: mtu asiyetulia mahali hapati kitu. Karne ya ishirini, Marekani hasa, ujani huo ukawa kutu: mtu asiyetulia hachakai. Ukiisikia leo, mtazame anayesema. Akiwa mzee anayemsema mjukuu wake aliyeacha kazi ya tatu, ni lawama. Akiwa kijana anayefunga begi, ni sifa.

Kwa hiyo mwenye kujifunza afanye nini? Kwa maoni yangu kwanza aache aibu. Kwetu Kiingereza kimefanywa kipimo cha usomi, na kuuliza maana ya neno mbele za watu kumekuwa kama kujivua nguo. Matokeo yake tunaitikia kwa kichwa. Nimeona watu wazima wenye shahada wakiitikia jambo ambalo baada ya kikao kila mmoja alilieleza tofauti koridoni. Swali "una maana lifanyike sasa au baadaye?" halimshushi mtu. Lingewaokolea wale maofisa wa Washington muda mrefu na maneno makali.

Pili, nahau isomwe pamoja na mdomo ulioitoa: ni wa nchi gani, wa umri gani, anamwambia nani, ana hasira au anatania. Hili sisi tunalijua vizuri kuliko tunavyodhani. Mwanamke wa pwani akiona jina la kanga hasomi maandishi peke yake. Anaangalia nani kaivaa, kapita nayo mlango wa nani, siku gani. Maneno kwenye kanga huachwa na njia mbili makusudi, ili aliyelengwa achomwe na aliyevaa aweze kusema sikukutaja. Watu waliolelewa na mafumbo ya namna hiyo hawawezi kushindwa na nahau za Kiingereza. Kinachowashinda ni kudhani kwamba Kiingereza hakina baraza.

Na tunapoandika sisi, tuziache nahau za aina hii tukiwa hatujui nani atasoma. Barua ya mkutano itaje siku, tarehe na saa. Waraka useme "tutaujadili leo" au "hatutaujadili leo".

Kuna kazi ambazo zimejifunza hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ukiwa umefunika njia, msaidizi wa rubani wa ndege ya KLM alitangaza redioni kwamba "we are now at take-off". Mnara ukaelewa kwamba ndege iko mahali pa kurukia, inasubiri ruhusa. Maana halisi ilikuwa kwamba imeshaanza kukimbia ili iruke. Njiani mbele yake kulikuwa na ndege ya Pan Am. Walikufa watu 583. Ajali hiyo ilikuwa na sababu nyingi zilizofungamana, lakini baada yake taratibu za mawasiliano zilibadilishwa: neno "take-off" limefungiwa lisitamkwe redioni isipokuwa pale ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Mahali pengine popote husemwa "departure". Marubani wa dunia nzima, Waingereza na Wamarekani wakiwemo, walikubali kunyang'anywa neno la lugha yao.

Hospitalini bado hatujafika huko, na hapo ndipo Kiswahili kimeingia kwa nguvu miaka ya karibuni. Wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Congo wamepokelewa Marekani, na wengi wao lugha wanayoweza kuitumia mbele ya daktari ni Kiswahili, kwa hiyo wakalimani wetu wamekuwa watu wa kuitwa usiku wa manane. Daktari anatoka chumba cha upasuaji, anamwambia mama kwamba mwanawe "is not out of the woods yet". Mkalimani akisema kwamba mtoto hajatoka msituni, amemwambia jambo la kutisha mtu ambaye pengine alivuka msitu kwa miguu akikimbia bunduki. Akisema kwamba mtoto bado ni mgonjwa, amepunguza. Akisema kwamba mtoto yuko hatarini kufa, huenda ameongeza, kwa sababu daktari mmoja hutumia maneno hayo kwa hatari ndogo na mwingine kwa hatari kubwa.

Mkalimani aliyefunzwa hachagui. Anamgeukia daktari, anajitaja kama mtu wa tatu ili isidhaniwe ni mama anayeuliza, anasema: mkalimani anaomba ufafanuzi, daktari ana maana gani? Kisha anamgeukia mama na kumweleza kwamba amemuuliza daktari swali, asijione ametengwa. Daktari anasita kidogo. Halafu anasema kwamba damu imekoma, kwamba homa ndiyo inayomtia wasiwasi, kwamba usiku huu na kesho mtoto atakuwa chini ya uangalizi wa karibu, na kwamba mama anaweza kukaa naye. Mkalimani anayasema yote hayo kwa Kiswahili, na mama anauliza akae upande gani wa kitanda.